Kaka Aliyeshonwa Ndani ya Barakoa

Shemeji yangu Hubert hatumii utepe kupima watu. Anakutazama mara moja, anafumba jicho la kulia, kisha anakuambia kwamba bega lako la kushoto limepanda kwa upana wa kidole. Ukienda kujitazama kwenye kioo utakuta ni kweli, na kuanzia siku hiyo hutatembea tena kwa amani. Kule Bukavu alikuwa na cherehani zake mbili mtaani Kadutu, na maharusi walimwogopa kidogo. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tulikofika mwaka 2013, ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, chini ya bati, kwenye njia ya kwenda sokoni. Watu bado wanamwogopa kidogo, lakini wanakuja.

Ni mdogo wake marehemu mume wangu, Aristote. Ndugu hao walifanana sura, basi. Aristote alikuwa mtu wa hotuba. Hata akiomba chumvi mezani alianza na salamu kwa wote waliohudhuria. Hubert anacheka kabla ya kusema, anacheka akisema, na akimaliza anakucheka wewe ambaye hukucheka. Nimeishi naye mlango kwa mlango miaka yote hii. Simwandiki kwa sababu ni mtakatifu. Namwandika kwa sababu mwaka 2020 aliiingiza familia yetu katika siasa za nchi ya watu, akiwa na sindano, uzi na nia njema.

Niseme kwanza jinsi ugonjwa wa korona ulivyotukuta. Mwezi wa tatu shule zilifungwa, na mwanzoni mwa mwezi wa nne wagonjwa wa kwanza wakatangazwa. Malawi ni nchi ndogo. Haikuwa na mashine nyingi za kupumulia, na haikujifanya kuwa nazo. Ilichukua vitu ilivyokuwa navyo: maji, sabuni, redio, machifu, wanakwaya na mafundi cherehani. Ndoo zenye bomba zikawekwa kwenye kila mlango, hata mbele ya mtu anayeuza ndizi nne juu ya gunia. Minibasi zilizozoea kubana abiria wanne kwenye kiti zikaambiwa wawili. Na sisi kambini, ambao ukikohoa chumbani kwako jirani anakuambia pole, tuliambiwa tukae mbalimbali kwa mita moja.

Jirani yangu Spès, mama Mrundi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka kilima, alichaguliwa kuwa mhamasishaji wa afya. Walimpa fulana na kipaza sauti. Mimi nilipewa kazi ya kuandika matangazo kwa Kiswahili, kwa kuwa nilifundisha historia miaka kumi na tisa katika lise, yaani sekondari, ya Bukavu na mwandiko wangu unasomeka. Nilikuwa naandika, Spès anasoma. Nilipoandika kwamba salamu za kugusana vichwa zimekatazwa na badala yake watu waguse viwiko, sikufikiria kwamba watu wetu wamezoea kugusa vichwa mara tatu, kushoto, kulia, kushoto. Basi wakawa wanagusa viwiko mara tatu, na kwa kuwa kiwiko hakiwezi kufika upande wa pili kwa heshima, walizungukana kama watu wanaocheza. Spès alipita katikati yao na kipaza sauti.

"Kiwiko kimoja kinatosha," alisema. "Baba mwenye kofia, wewe umegusa mara tatu. Nimekuhesabu."

"Ya tatu ilikuwa ya mke wake," yule baba akajibu. "Amenituma."

Mwezi wa tano ikaja habari kwamba ofisi moja ya serikali kule Capital Hill, Lilongwe, inatafuta mafundi wa kushona barakoa mia sita za kitambaa. Zingegawiwa bure kwa wauzaji wa soko la Mponela, kwa makondakta wa minibasi Lilongwe, na nyingine kwa wahamasishaji wetu wa kambini. Mafundi kumi na wawili walipeleka mfano. Mkaguzi alimwomba kila mmoja avae barakoa yake na aseme maneno machache, aone kama haishuki puani. Wengine walisema majina yao. Hubert aliimba wimbo mzima wa kuingilia misa, na kiitikio chake, na barakoa haikusogea. Kazi akapewa yeye.

Masharti yalikuwa matatu: ndani pamba laini, katikati kitambaa kizito, nje kitambaa cheupe ili uchafu uonekane na mtu akumbuke kufua. Hubert alishona wiki mbili bila kusimama. Alikataa kukata zote kwa kipimo kimoja. Alitembea sokoni akifumba jicho la kulia, akakadiria pua za watu, akatengeneza vipimo vitano, na kila kipimo akakipa jina la mtu wa kambini ambaye, namshukuru Mungu, hakuambiwa. Alipofika barakoa ya mia tano na arobaini, kitambaa cha katikati kikaisha. Maduka ya Lilongwe hayakuwa nacho, maana kila mwenye cherehani nchini alikuwa anashona kitu kilekile. Zilibaki sitini, na siku tatu.

Akaja mlangoni kwangu, akasimama mbali kama inavyotakiwa.

"Madame," akasema. Ananiita Madame tangu nilipoolewa, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na hadi leo sijui kama ni heshima au mzaha. "Unajua nimekuja kuomba nini."

"Sijui."

"Unajua. Ile cantine."

Cantine ni lile sanduku letu la bati. Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi sikulieleza.

Mwaka 2006 Aristote aligombea ubunge wa jimbo huko kwetu. Alichapisha vitenge vyenye picha yake, amevaa tai, masharubu yamechanwa, na chini yake maneno: Aristote, Namba 117, Mwenye Kusikiliza. Kitenge kilikuwa kizuri, rangi haikuchuja hata kwa sabuni ya mawe. Kura ndizo zilizochuja. Alipata themanini na tatu. Familia yetu, tukifanya harusi, tunakodi viti mia mbili na bado mashangazi wanasimama. Aristote alikaa kimya siku nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kisha akarudi kwenye biashara yake ya kuku na neno uchaguzi halikutajwa tena nyumbani mwetu. Alifariki mwaka 2011 kwa ugonjwa wa moyo. Tulipokimbia, nilibeba vipande vya mwisho vya kile kitenge. Sikuweza kuuacha uso wa mume wangu upanguse sakafu ya mtu.

Tulipofika Dzaleka, mtu fulani kutoka Bukavu alikumbuka kwamba Aristote aligombea. Habari ilipovuka nyumba tatu, alikuwa ameshashinda. Wakaanza kuniita Mama Depite, yaani mama mbunge. Sikusema hata siku moja kwamba alishinda. Ila haikutokea nafasi nzuri ya kusema kwamba alishindwa, na miaka saba ikapita nikiisubiri.

"Hapana," nikamwambia Hubert.

"Katikati, Madame. Pamba huku, cheupe huku, yeye katikati. Mi nasema hata mwenyewe hatajiona."

"Na akionekana?"

"Ataonekana aje? Bantu ya kule walikataa uso wake. Sasa ya huku atawalinda pua. Si njo kazi ya mbunge?"

Nilicheka, na hilo ndilo kosa langu katika mambo haya yote. Nikafungua sanduku. Barakoa sitini zikapata kitambaa cha katikati, kizito, bora kuliko zile mia tano na arobaini, na mzigo ukapelekwa Lilongwe kwa wakati.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja Spès alirudi kutoka Mponela, alikokwenda siku ya soko kufundisha watu kuvaa barakoa bila kuacha pua nje. Alikuja moja kwa moja kwangu bila kupitia kwake. Alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Mama Depite," akasema, "kuna bwana anatoka kwenye mdomo wa muuza nyanya."

"Bwana gani?"

"Mimi ndiye nakuuliza wewe. Amevaa tai."

Akatoa ile barakoa, nyeupe tupu. Akaniomba maji kikombe, akanyunyiza. Kwanza ikatokea tai. Kisha masharubu. Kisha jicho moja, lile la kushoto, ambalo Aristote alikuwa analikaza akitaka kuaminiwa. Mwisho ikatokea 117.

Hubert, aliyekuwa amekuja kuona kuna nini, alishika mlango kwa mikono miwili. Alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, acha," nikasema.

"Anasikiliza," akasema Hubert kwa taabu. "Anasikiliza bei ya nyanya."

Tukaelewa kilichotokea. Kile kitambaa cheupe cha nje kilikuwa chepesi mno. Kikiwa kikavu kilificha kila kitu. Kikilowa kwa pumzi na mate ya mtu, kilikuwa kama kioo. Mtu mpole angeweza kuvaa barakoa ile mchana kutwa asijue amebeba nani. Mtu wa kupiga kelele alimtoa Aristote kabla ya saa nne. Na barakoa zile walipewa watu gani? Wauzaji wa soko, makondakta, na wahamasishaji wenye vipaza sauti. Yaani katika Malawi nzima ofisi ilikuwa imechagua watu wanaopiga kelele kuliko wote, na ikawavalisha mume wangu.

Bado tukaweza kucheka hadi saa saba. Saa saba simu ya Hubert ikalia. Ilikuwa Capital Hill. Aje kesho asubuhi na maelezo.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa sita. Nchi ilikuwa inarudia uchaguzi wa rais, na kura zilikuwa zinapigwa tarehe ishirini na tatu. Kila ukuta ulikuwa na sura ya mtu. Sisi wakimbizi tunajua sheria moja hata kabla ya kujua njia ya kwenda chooni: siasa za nchi iliyotupokea hazituhusu. Mkimbizi akikamatwa anafanya kampeni, hataulizwa kuhusu masharubu. Hubert angefutwa kwenye orodha ya mafundi, barua ingekwenda kwa ofisi ya kambi, na jina letu lingeandikwa mahali ambapo majina hayafutiki. Jioni hiyo alikuja akakaa bila kucheka, na nikaona kumbe akinyamaza anafanana na kaka yake kabisa.

"Nitasema ni picha ya mtakatifu," akasema.

"Mtakatifu mwenye tai?"

"Wa siku hizi."

Nikamwambia nitakwenda naye. Nilikuwa na karatasi moja ambayo ingetuokoa. Ilikuwa ile orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani mwaka 2006, ambayo Aristote aliibandua kwa mkono wake ili watu wasiisome zaidi, na ambayo mimi, mwalimu wa historia, sikuweza kuichoma. Jina, namba, mji, mwaka, mhuri, kura themanini na tatu. Niliikunja ndani ya Biblia nikiomba isihitajike.

Tulichukua ruhusa ya kutoka kambini tukaenda. Stendi ya Lilongwe tulimwona Aristote kwa macho yetu. Kondakta mmoja mrefu alikuwa anaita abiria wa Kawale, na kila alipoita, mume wangu alijitokeza zaidi. Abiria wawili walikuwa wanabishana chini ya pua yake.

"Huyu ni wa chama kipya," alisema mmoja.

"Namba mia moja na kumi na saba?" akasema mwenzake. "Chama gani hicho kina watu wengi hivyo mbele yake?"

Hubert akanivuta mkono tusisimame.

Kwenye lango la Capital Hill tulinawa mikono, tukapimwa joto kwa kile kifaa kama bastola. Mlinzi alimpima Hubert akasoma thelathini na mbili. Akampima tena, akapata thelathini na moja. Akamtazama kama mtu aliyekufa bila taarifa.

"Unajisikiaje, bambo?"

"Naogopa tu," akasema Hubert.

"Zikomo," akashukuru, "pita."

Ofisini tulipokewa na Mayi Kachigamba, mama mnene mwenye miwani na sauti ndogo, ndiye aliyesimamia ugawaji wa barakoa. Madirisha yote yalikuwa wazi, karatasi zimewekewa mawe. Viti vilikuwa vimetiwa alama ya msalaba kwa mkanda, kiti kimoja ndiyo, kimoja hapana. Juu ya meza yake palikuwa na sahani ya chai, na ndani ya sahani, kwenye maji kidogo, amelala Aristote na tai yake.

Aliongea Kiingereza taratibu, nami nikamjibu kwa Kiingereza cha vitabuni.

"Nchi hii ina wagombea watatu," akasema. "Nimehesabu. Huyu wa mia moja na kumi na saba ametoka wapi?"

"Bukavu, mama."

"Ni nani?"

"Ni marehemu mume wangu. Ni kitambaa cha zamani. Kilishonwa ndani kwa kukosa kingine, na hatukujua kwamba angeonekana."

"Aligombea nini?"

"Ubunge wa jimbo."

Akaandika. Kisha akainua macho. "Akashinda?"

Nilikuwa na jibu ndani ya Biblia. Nilifungua mdomo, na Hubert, ambaye Kiingereza chake kilitosha kwa swali hilo, akanitazama. Aliona uso wangu juu ya barakoa. Anajua kupima watu kwa jicho moja.

"Alishinda sana," akasema Hubert. "Sana, mayi. Wote walimpenda."

Mayi Kachigamba akaweka kalamu chini. "Basi alikuwa kiongozi wa serikali ya nchi jirani," akasema polepole. "Sura ya kiongozi wa nchi jirani, kwenye barakoa za serikali, wiki moja kabla ya uchaguzi. Hili si langu tena. Hili ni la mambo ya nje." Akavuta simu kwake.

Hubert alisema uongo ule kwa ajili yangu, ili nibaki Mama Depite, naye akatwe jina lake kwenye orodha. Niliitoa ile karatasi, nikaikunjua juu ya meza, nikaiwekea jiwe.

"Hakushinda," nikasema. "Alipata kura themanini na tatu. Soma mwenyewe, mstari wa tano kutoka mwisho."

Akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Waliopiga kura walikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Na familia yenu ni ya watu wangapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Aristote alijiuliza zile siku nne za kimya. "Tunakodi viti mia mbili," nikasema.

Mayi Kachigamba alitazama karatasi, akanitazama, kisha taratibu akamgeukia Hubert.

"Wewe ni mdogo wake," akasema. "Ulimpigia?"

Hubert akatazama dirishani. Nikageuka kwenye kiti changu.

"Hubert," nikasema kwa Kiswahili. "Umeulizwa."

"Madame, ile siku nilikuwa na kazi mingi."

"Kazi gani?"

"Mashati." Akarekebisha barakoa yake. "Mashati mia mbili. Ya namba 43, ule mgombea mwingine. Alinipatia komandi ya kushona, mi ningefanya nini? Na pale kwenye chumba cha kura nikaona picha ya ule 43, nikaona haya, nikajisemea huyu amekula kwangu, mi pia nilikula kwake..."

"Ulimpigia namba 43."

"Kidole kilienda chenyewe."

"Miaka kumi na minne, Hubert. Umekula mezani kwangu miaka kumi na minne."

"Njo maana nilikuja kuomba nimshone."

Mayi Kachigamba akauliza tunasemaje. Nikamtafsiria neno kwa neno, maana siku hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Kisha sauti yake ndogo ikatoka kama filimbi, akavua miwani kabisa, na mtu wa ofisi ya pili akachungulia kuuliza kama kuna mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, nadhani kwa dakika nzima. Halafu nikamtazama Aristote kwenye sahani, ameegemea ukingo, jicho lile la kushoto limekazwa likimwangalia mdogo wake, na nikashindwa. Tulicheka wote watatu, kila mtu kwenye kiti chake, mita moja kutoka kwa mwenzake, hadi barakoa zetu zikalowa.

Alipopata pumzi, Mayi Kachigamba akaandika kwenye faili: kasoro ya kitambaa, si kampeni. Kazi isingeondolewa kwa Hubert. Barakoa zile sitini zikusanywe, ziongezewe tabaka la nne, la bluu nzito, na zirudishwe kwa watu. Aliongeza kwamba tangazo litolewe Lilongwe, Mponela na kambini, kuwaeleza watu wazi huyu bwana ni nani, kwa sababu uvumi ulishaanza kukimbia kuliko ugonjwa wenyewe.

"Wazi kiasi gani?" nikauliza.

"Wazi kabisa," akasema. "Wewe ndiye mwandishi wa matangazo ya Kiswahili huko, sivyo?"

Tuliporudi Dzaleka sikungoja. Nilikaa mezani nikaandika, kwa mwandiko wangu bora. Spès alikuja kuchukua karatasi, akaisoma kwa midomo, akafika mstari wa tatu akasimama.

"Hapa kwenye namba," akasema, "naweza kukohoa."

"Mwaka huu ukikohoa kwenye kipaza sauti watu watakimbia. Soma kama ilivyoandikwa."

Akaenda. Nikamsikia kutoka upande wa zahanati, kisha sokoni, kisha akipanda njia yetu, sauti ile ya kuita ng'ombe: barakoa zinazotoa picha zikilowa zirudishwe kwa fundi Hubert, si dawa, si uchawi, si chama, picha ni ya Aristote wa Bukavu, marehemu, aliyegombea mwaka 2006 akashindwa kwa kupata kura themanini na tatu, nawa mikono, kaa mita moja. Alisoma kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, na kwa kuwa alipenda namba ile, akairudia mara ya tatu bila lugha yoyote, akionyesha kwa vidole.

Nilikaa ndani nikingoja aibu ije. Aliyekuja ni Spès mwenyewe, koo limekauka.

"Wanasema nini?" nikamwuliza.

"Wanauliza Hubert anafungua saa ngapi." Akanywa maji. "Na mzee Havyarimana anasema themanini na tatu si haba. Yeye aligombea uenyekiti wa ushirika wa kahawa kule kwetu akapata mbili, na alikuwa amejipigia."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema mume wangu hajawahi kupata hata yangu." Akasimama kuondoka, akageuka mlangoni. "Sasa tukuiteje?"

Nikamwambia waamue wenyewe. Waliendelea na Mama Depite. Walikuwa wamezoea, na nadhani sasa ilikuwa inawafurahisha zaidi.

Barakoa zikaanza kurudi. Zile za Mponela zilikuja kwa kabaza, mwendeshaji amezitundika kwenye usukani wa baiskeli kama samaki. Wiki ile nzima Hubert alikaa chini ya bati lake akishonea kitambaa cha bluu juu ya kaka yake, na kila mteja aliyepita alimwuliza kama mwaka huu atampigia. Alijibu wote, akicheka kabla, katikati na baada. Mimi nilikaa pembeni nikifumua mishono, sikumwambia neno la mashati, na yeye bila kuambiwa akawa ananiletea chai kila saa nne.

Alipobakiza moja nilimzuia mkono.

"Hiyo usiiwekee bluu," nikasema. "Ifue tu, uipige pasi."

Akanitazama, akafumba jicho la kulia. "Ya kipimo chako, Madame?"

"Ya kipimo changu."

Kesho yake niliivaa nikaenda sokoni kununua maharage. Mimi si mtu wa kupandisha sauti. Kwa mwalimu, darasa likikulazimisha upige kelele umeshashindwa. Muuza maharage alinitajia bei, akanyoosha mkono kuchukua mfuko, maana ananijua silumbani. Nikamwambia bei yake ni ya mtu aliyelala. Akashangaa, akajibu. Nikamjibu kwa sauti zaidi, nikataja bei ya juzi, nikataja bei ya Mponela, nikaeleza kwa kirefu na kwa mifano ubora wa maharage ya kwetu Kivu. Watu wakaanza kusogea, Spès akawapangia mita moja moja. Niliendelea mpaka nikahisi kitambaa kimelowa mdomoni, na muuza maharage akanyamaza katikati ya neno, akakodoa macho chini ya pua yangu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema, na akanipunguzia.